Koki Kwenye Pua ya Boila

Kiguu hakuwahi kumaliza sahani ya chakula bila kuinuka. Angekula kidogo, asimame aende kusikiliza bomba la jikoni, arudi, ale tena kidogo, halafu akumbuke koki ya bafuni. Mkewe alikuwa ameshakata tamaa ya kumrekebisha. Alimwekea sahani yake upande wa mlangoni ili angalau asiwapige watoto vikumbo akipita. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani, kazini, hata kwa mama mkwe wake, alikuwa Kiguu, kwa sababu ya ile kiguu na njia yake isiyoisha, na mwenyewe aliitikia bila kinyongo.

Alikuwa fundi bomba, na kwa fundi bomba ugonjwa huo una faida zake. Ukimwalika nyumbani kwako, kabla hajamaliza kusalimia wenyeji angekuwa ameshafungua na kufunga koki zote na kutangaza mbele ya wageni ipi ina mpira uliochoka. Wapo waliosema ana kiherehere. Alikuwa nacho kweli, cha kutosha mtaa mzima. Lakini hao hao waliomsema, siku maji yakifurika sebuleni, walimpigia simu yeye kwanza.

Aliyemlea ni dada yake mkubwa. Wazazi wao walifariki Kiguu akiwa bado hajaota meno ya ukubwani, na dada, ambaye mwenyewe alikuwa msichana tu, aliacha shule akaingia kufua mashuka ya hospitali. Kwa mashuka hayo Kiguu alikula, akavaa, akasoma na kujifunza ufundi. Sasa ndevu zake zilikuwa zimeanza mvi, lakini kwa dada yake alikuwa bado "wewe mtoto," na hapakuwa na rufaa.

Pale hospitalini maji ya moto yalikuwa hadithi. Wanawake walifulia uani, kwenye makarai ya saruji, kwa maji baridi na sabuni kali inayokula ngozi. Viungo vya vidole vya dada vilivimba mwaka hadi mwaka. Msimu wa baridi ukifika alishindwa kufunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe, akawa anamwomba jirani. Kiguu alipoiona mikono ile alikosa pa kuweka macho yake. Mikono ile ndiyo iliyomfikisha alipofika, na yeye fundi wa maji alikuwa ameshindwa kuipatia ndoo moja ya maji ya moto.

Basi hospitali ilipoamua kujenga chumba kipya cha kufulia chenye boila kubwa, na kampuni aliyofanyia kazi ikapewa shughuli ya mabomba, Kiguu alimpelekea dada yake habari hata kabla ya kumwambia mkewe.

"Dada, maji ya moto yanakuja. Na nitayaleta mimi."

 Dada aligeuka akajifanya anatafuta sufuria. Lakini siku ya pili hospitali nzima ilikuwa inajua ni mdogo wa nani anayeleta maji ya moto.

Sasa, boila ni pipa la chuma lenye maji ndani na moto chini. Maji yakizidi kupata moto hutanuka, na yasipopata pa kutokea hulipasua pipa na kila kilicho karibu nalo. Ndiyo maana huwekwa valvu ya usalama, ambayo mafundi huiita pua. Presha ikipanda mno, pua hufunguka yenyewe, boila inapumua, kisha pua inajifunga. Haisubiri mtu wala umeme. Na kwenye mchoro wa chumba kile cha kufulia, kati ya boila na pua yake, palikuwa pamechorwa koki. Koki ya kawaida, ya kufunga na kufungua kwa mkono. Maana yake, mtu yeyote angeweza kuibana pua ile wakati moto unawaka, akaondoka zake, na wanawake wakabaki humo ndani wakifua.

Kiguu alidhani macho yanamchezea. Aliupeleka mchoro mlangoni penye mwanga, akaugeuza, akaurudisha. Koki ilikuwa palepale. Akamfuata msimamizi wao wa kazi, mtu mnene, mpole, asiyependa ugomvi kabla ya chai wala baada yake.

"Mkubwa, hii koki ya nini hapa?"

"Koki ni ya nini? Ya kufungia."

"Kufungia pua ya boila?"

Msimamizi aliushusha mchoro taratibu. "Kiguu, ndugu yangu. Unaukumbuka ule ukuta?"

Nani angeusahau ukuta ule? Katika kazi moja ya zamani, Kiguu aliona bomba limechorwa mahali pa ajabu, akapiga kelele mpaka likahamishwa. Bomba likaenda kupenya mahali ambapo nguzo ya chuma ilipaswa kupita, na ukuta mzima ukabomolewa na kujengwa upya kwa hasara ya kampuni. Tangu siku hiyo msimamizi alikuwa na sheria moja tu, kilichochorwa ndicho kinachojengwa.

"Nani alikosea siku ile?" aliuliza msimamizi.

"Mimi," alisema Kiguu, akiangalia viatu vyake.

"Haya. Injinia amechora, ameweka sahihi yake hapa chini. Likitokea la kutokea ni lake."

Kiguu akaiweka ile koki. Akaiweka vizuri, maana hakujua kufanya kazi mbaya hata kwa makusudi. Na tangu alipokaza boliti ya mwisho, ile raha kidogo aliyokuwa nayo maishani ikamtoka. "Ni lake," alijiambia njia nzima ya kurudi nyumbani. Lake namna gani? Injinia hafui mashuka. Anayefua mashuka ni dada.

Alianza kutafuta visingizio vya kurudi kwenye chumba kile. Mara amesahau spana, mara anataka kuhakikisha maungio hayatoi unyevu. Siku moja aliung'oa mpini wa koki akautia mfukoni, akatembea mpaka nyumbani moyo wake ukiwa mwepesi. Alipoanza kunawa mikono akakumbuka kwamba koki isiyo na mpini hufungwa kwa spana yoyote ile, na hakuna mtu wa matengenezo asiye na spana. Asubuhi akaurudisha kabla hajaonekana. Mkewe alimwuliza anaumwa nini. Akajibu haumwi kitu, kisha akaenda kukagua tangi la maji juu ya paa, ambalo alikuwa amelikagua muda mfupi tu uliopita.

Mwishowe akamwendea dada yake kazini. Wanawake walimpokea kwa shangwe, mmoja akapiga karai kama ngoma. "Mwenye maji yake kaja! Jamani, mpisheni!" Kiguu alicheka kwa meno tu. Akamvuta dada yake pembeni, nyuma ya mashuka yaliyoanikwa.

"Dada, mkiambiwa msubiri kidogo zaidi, itakuwaje?"

Dada aliacha kukamua. "Kidogo kiasi gani?"

"Sijui. Kuna koki imekaa mahali pabaya."

"Basi iweke mahali pazuri."

"Imechorwa hapo."

"Kwa hiyo iko mahali pake. Tatizo liko wapi?"

"Mtu akiifunga, boila inaweza kupasuka."

"Basi mtu asiifunge!" Dada alilitupa shuka kwenye beseni. "Wewe mtoto, una nini? Nikikupa kikombe cha chai unachungulia chini yake kama hakina ufa. Nimekuvumilia tangu unatambaa. Hili usiniharibie. Wenzangu nimeshawaambia ni wiki ijayo." Akamnyooshea mikono yake, myekundu, imepasuka, vidole vimepinda. "Angalia. Angalia vizuri, wewe unayependa kukagua."

Kiguu akaangalia. Ukweli ni kwamba alitaka kulia, akaondoka haraka kabla hajafanya hivyo mbele ya wanawake wale wote.

Siku ya majaribio ikafika. Msimamizi alivaa shati safi. Mkuu wa majengo wa hospitali alikuja na simu yake tayari kwa picha. Wanawake wa kufua walijazana dirishani kwa nje, dada mbele kabisa, amejifunga kitambaa kipya kichwani. Boila ilikuwa imejaa maji, kuni, mafuta na kiberiti vipo.

"Haya, Kiguu. Washa," alisema msimamizi.

Kiguu alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, hakuna kiungo chake hata kimoja kilichocheza.

"Siwashi."

"Umesemaje?"

"Hiyo koki ikiwa hapo, siwashi."

Msimamizi alimsogelea, akatabasamu kwa ajili ya mkuu wa majengo na kunong'ona kwa ukali kwa ajili ya Kiguu. "Unatafuta kazi nyingine? Nitawasha mwenyewe."

"Washa. Lakini ngoja kwanza nikawaondoe wale akina mama dirishani."

Na akatoka kweli, akaanza kuwafukuza wanawake kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama, "sogeeni, sogeeni, mpaka kule getini," huku dada yake akimtazama kwa jicho ambalo hajawahi kumtazama nalo. Mkuu wa majengo akaishusha simu yake. "Kwa nini anawaondoa watu?" akauliza. Msimamizi alianza kurekebisha kola ya shati lake safi. Mkuu wa majengo akasema hakiwashwi kitu mpaka injinia aje.

Injinia alifika alasiri, buti zake zikiwa na tope la kazi nyingine. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alimsikiliza Kiguu mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema jambo ambalo Kiguu hakulitarajia.

"Fundi, koki hii mliiomba nyinyi."

"Sisi?"

"Wewe. Kwenye ile hosteli ya wanafunzi. Ulikuwa unabadilisha valvu ya usalama, ikabidi boila yote imwagwe maji, ukalowa kuanzia kichwani. Ukaniambia, injinia, mngetuwekea japo koki hapa, mtu abadilishe kidude hiki bila kuoga. Watu walicheka. Mimi nilikuona una haki, nikakusikiliza."

Msimamizi alikohoa, kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Kiguu alihisi masikio yanawaka. Alikumbuka. Alikumbuka mpaka wimbo aliokuwa akiuimba wakati anajikamua shati. Ule mdomo wake ambao haukujua kunyamaza ndio uliokwenda kuichora koki ile.

"Na niliandika," injinia aliendelea, akaweka kidole pembeni mwa mchoro. Kweli, kwa herufi ndogo palikuwa pameandikwa kwamba koki iachwe wazi wakati wote moto unapowaka. Kiguu, pamoja na kiherehere chake chote, hakuwa ameyaona maneno yale.

"Ni ya kufungwa siku ya matengenezo tu, boila ikiwa imepoa," alisema injinia. Hakuwa anabishana, alikuwa anauliza kweli. "Nani ataifunga moto ukiwa unawaka?"

"Mimi," alisema Kiguu.

"Wewe?"

"Mimi, injinia. Pua itaanza kudondosha maji. Nitaitwa. Nitakuta sakafu imelowa na watu wananipigia kelele. Nitaibana kidogo tu, nikatafute mpira wa kubadilisha. Njiani nitakutana na mtu ambaye choo chake kimeziba. Wewe unanijua. Nikitulia mahali pamoja ni habari ya kusimulia. Nitasahau, na dada yangu yuko humu ndani anafua."

Hakuna aliyecheka. Injinia aliitazama koki, akaushika mpini wake, akaifunga na kuifungua. Ulizunguka kwa urahisi kabisa, maana ilikuwa imewekwa na fundi mzuri.

"Itolewe," alisema. "Mchoro nitaubadilisha leo." Kisha rangi ya uso wake ikabadilika. "Nimechora hivi na kwingine," akasema, si kwao bali kwa nafsi yake, na tayari alikuwa anatafuta namba kwenye simu huku akielekea mlangoni. Walimsikia nje akisema, zimeni moto, nasema zimeni kwanza, maelezo baadaye.

Kutoa koki si kama kuvua kofia. Ilibidi boila imwagwe, kipande cha bomba chenye unene ule kiagizwe, na mkaguzi aliyekwisha kupangiwa safari nyingine asubiriwe upya. Wanawake walirudi uani kwenye maji baridi, na baridi yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inakolea. Msimamizi hakumfukuza Kiguu, lakini alimpangia kazi za kuchimba mitaro, peke yake.

Dada ndiye aliyemmaliza. Hakumgombeza. Kiguu alipokwenda kwake alimwekea chai, akamwuliza habari za watoto. Hakuna adhabu inayouma kama dada mkubwa asiyekugombeza. Na kilichomkosesha Kiguu usingizi zaidi ni kwamba hakuwa na ushahidi. Boila ambayo haikupasuka haina la kuonyesha. Huenda hakuna ambaye angeigusa koki ile mpaka kutu ikaila. Huenda hili nalo lilikuwa ukuta mwingine kama ule, na safari hii ubavuni mwa ukuta yuko dada yake na mikono yake. Alijiuliza hivyo akichimba mtaro, akila, akipanda juu ya paa. 

Hatimaye moto ukawashwa. Dada alitumbukiza mikono yake yote miwili kwenye beseni la maji ya moto, akafumba macho, akaiacha humo. Hakumgeukia mdogo wake. Kiguu alimwona kupitia mlangoni, na hiyo peke yake ilimtosha kwa muda wa kama kukohoa mara moja, kwa sababu hapo hapo presha ikapanda na pua ikafunguka kwa ngurumo. Wanawake walikimbia kila upande, sabuni ikaruka, mmoja akajificha nyuma ya kikapu cha nguo. Walipogundua kwamba wote wazima, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Dada alikuja kwa Kiguu, maji yanamchuruzika. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya maana tangu ile siku.

"Lizibe hilo domo."

"Nini?"

"Linapiga kelele na linamwaga maji hapa tunapopita na mashuka safi. Liwekee hata kakoki kadogo, tuwe tunakafunga tukiwa na kazi nyingi."

 Kiguu, ambaye hakuwahi kutulia, aliketi chini, kwenye sakafu iliyolowa. Dada alishtuka kuliko alivyoshtushwa na ngurumo.

"Unaumwa?"

"Dada," alisema Kiguu, "nilipokuwa mdogo, nilipougua kile kifua. Nilikuwa nakohoa usiku kucha. Ulikuwa unaamka?"

"Kukohoa?" Dada alikunja uso. "Ukikohoa nililala. Ukinyamaza ndipo nilipoamka nikakugusa."

"Basi hicho ni kikohozi cha boila."

Dada alilitazama bomba lililotoka kwenye pua ya boila, maji yakidondoka mwishoni mwake.  Akasonya, akarudi kwenye beseni lake, na kuhusu kakoki hakusema tena.

Msimu ule ulikuwa karibu kuisha simu ilipomkuta Kiguu chini ya sinki la mtu.

"Njoo," alisema dada.

"Kuna nini?"

"Nimesema njoo." Akakata.

Kiguu alikimbia. Alikuta chumba cha kufulia kimesimama, mashuka yametelekezwa kwenye mabeseni. Dada yake alikuwa amejibanza mbele ya bomba la pua, mgongo wake ukiligusa, mikono ameikunja kifuani. Mbele yake alisimama mtu mpya wa matengenezo wa hospitali, kijana wa watu asiye na ubaya, ameshika kizibo cha mbao na nyundo.

"Shikamoo, fundi. Naomba unisaidie na mama huyu," alisema yule mtu. "Korido yote imelowa. Nimetumwa nizibe tu hapa panapodondosha, ananizuia tangu asubuhi."

"Umekula?" Kiguu alimwuliza dada yake.

"Nitakula saa ngapi? Nikitoka hapa anaziba." Sauti yake ilikuwa ya hasira, na hasira ile ilimlenga Kiguu. "Umeniharibia maisha, wewe mtoto. Nikiwa nyumbani nalisikia. Nikiacha kulisikia nashindwa kukaa, natafuta mtu wa kumpigia simu aniambie kama bado linadondosha. Na mimi nastaafu mwakani. Nikishaondoka, nani atasimama hapa?"

 Wanawake wote walikuwa wanamtazama Kiguu. Kiguu alikichukua kile kizibo taratibu kutoka mkononi mwa yule mtu wa matengenezo, akamshika bega, na kumwuliza kama amewahi kulea mtoto mdogo anayekohoa usiku kucha.